Je, Tuchukie Tulichokipenda Tukiwa Watoto?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.



Kila mwaka Ramadhani inapokaribia, bwenini kwetu huanza kazi ya kusafisha simu. Watu hufuta nyimbo, hufuta filamu, hupakua visomo vya Qur'an na darsa za mashekhe. Hili ni jambo jema, na Allah amlipe kila anayelifanya kwa nia safi. Lakini baada ya kufuta, wengi wetu huandika kwenye stetasi maneno yanayofanana: zamani nilikuwa jahili, namshukuru Allah kwa kunitoa huko. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Kufuta sina ugomvi nako. Linalonisumbua ni hilo neno "huko". Huko ni wapi? Na waliobaki huko ni akina nani?

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: mtu aliyepata elimu ya dini kuliko aliyokuwa nayo utotoni, anatakiwa awe na moyo gani juu ya kile alichokipenda kabla ya elimu hiyo? Akichukie? Akicheke? Ajifanye hakijapata kuwepo? Nimechagua mfano wa wimbo, kwa sababu wimbo una tabia ya kurudi bila kuitwa. Kitabu ulichokipenda ukiwa na miaka 13 kitakaa kimya kabatini. Wimbo utakukuta barabarani.

Hukumu ya muziki na swali letu

Najua baadhi ya wasomaji wamekwisha kunyanyua kalamu ili wanijibu kuhusu hukumu ya muziki. Tulimalize hilo kwa ufupi, maana mjadala wake tunaujua tangu mwaka wa kwanza. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wanaharamisha sehemu kubwa ya ala za muziki, na huitolea hoja aya ya 6 ya Suratu Luqman inayotaja maneno ya upuuzi, ambayo Ibn Mas'ud (r.a.) aliyafasiri kuwa ni kuimba. Hutolea hoja pia hadithi iliyomo katika Sahih ya Imamu Bukhari kuhusu watu watakaohalalisha hariri, pombe na ala. Upande wa pili yupo Ibn Hazm wa Andalusia, aliyeona kuwa sanadi ya hadithi hiyo imekatika, naye akajibiwa na mahafidhi waliokuja baadaye, akiwemo Ibn Hajar. Kisha ipo hadithi ya Mama Aisha (r.a.) na wasichana wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi habari za vita vya Bu'ath. Abu Bakr (r.a.) aliwakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache.

Mimi nafuata rai ya wengi kuhusu ala, na makala hii haikuja kuibomoa. Ila hukumu ya kusikiliza ni jambo moja, na hukumu ya kukumbuka ni jambo jingine. Mtu anaweza kuacha kusikiliza kabisa, na bado siku moja sauti ikamfikia kutoka dirishani kwa jirani, moyo wake ukatetemeka kabla hajapata nafasi ya kuamua lolote. Mtetemeko huo haukuwa chaguo lake, na sharia haimhesabii mtu lisilo katika uwezo wake. Lakini baada ya mtetemeko lipo la kuchagua: utaufanya nini? Hapo ndipo maadili yanapoanza.

Wimbo wenyewe

Mimi nimezaliwa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi. Wanaoujua wanajua kuwa ni mtaa wa Waislamu wengi, mtaa ambao Kiswahili kinasikika kila kona, na mtaa wa gereji. Kaka yangu alikuwa fundi makanika katika moja ya gereji hizo. Alinizidi miaka tisa. Alikuwa na simu ya vitufe yenye memori kadi, na ndani yake mlikuwa na nyimbo alizonakiliwa dukani kwa malipo kidogo. Jioni akirudi kazini, alikuwa akinipa upande mmoja wa hedifoni naye akivaa upande mwingine, tukakaa barazani tukingoja adhana ya Magharibi.

Wimbo alioupenda kuliko zote ulikuwa "Haturudi Nyuma", alioimba Kidum, mwanamuziki wa kwetu Burundi, pamoja na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Ni wimbo wa mapenzi, wa watu wawili wanaoahidiana. Mwaka 2013, lilipoungua soko kuu la Bujumbura na wafanyabiashara wengi kutafuta pa kuanzia upya, wengine walikuja kwetu Buyenzi, katika soko la Ruvumera, na nakumbuka wimbo ule ukipigwa kwenye spika za vibanda vipya. Nilikuwa na umri wa miaka 12. Ya mapenzi sikuyaelewa. Nilidhani ni wimbo wa watu walioteketezewa soko wakakataa kukata tamaa.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Aprili 2015, machafuko yalianza mjini. Wazazi wangu walituchukua sisi wadogo, tukapita Rwanda, tukaingia Uganda, tukaishia Nakivale. Kaka alibaki kumtunza bibi yetu, ambaye alikataa kuondoka nyumbani kwake. Ndani ya basi nilikuwa nikiurudia wimbo ule kimoyomoyo, na sasa ulikuwa na maana ya tatu: haturudi nyuma, yaani nyumbani ndiyo basi. Mwaka 2019 kaka alifariki kwa malaria. Habari ilitufikia kwa simu, na alizikwa siku hiyo hiyo sisi tukiwa mbali. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mwaka huu, hapa Mbale, nilikwenda mjini kuchapisha kazi ya darasani. Kijana wa dukani alikuwa amefungua redio. Karatasi zilikuwa zikitoka kwenye mashine moja moja, na wimbo ule ukaanza. Nilikuwa sijausikia kwa miaka mingi. Nilisimama pale nikiwa nimeshika fedha mkononi, na sikumsikia kijana aliponitajia bei. Sikuuona uso wa mwimbaji akilini. Niliona mikono ya kaka yangu, ile mikono ambayo oili ilikuwa haitoki kwenye kucha hata aisugue kwa sabuni ya unga, ikinipa upande wa hedifoni.

Niliporudi bwenini nikawasimulia wenzangu wawili. Mmoja akasema, "Shetani anakukumbusha ujahili wako, soma Ayatul Kursiyyu ulale." Mwingine akasema, "Hilo ni jambo dogo, ni kumbukumbu tu, usijisumbue." Wote wawili ni ndugu zangu na walitaka kunisaidia. Lakini nimeona kuwa jibu la kwanza ni kali kupita haki, na jibu la pili ni jepesi kupita haki. Ninaeleza kwa nini.

Wimbo huchochea kilichomo moyoni

Imamu Ghazali (r.a.) aliandika katika Ihya Ulumid Din kitabu kizima juu ya usikilizaji na athari zake. Humo anaeleza jambo lililosemwa na wacha Mungu waliomtangulia: kwamba usikilizaji hautii moyoni kitu kisichokuwemo, ila unakitikisa kile kilichomo tayari. Kwa hiyo sauti ile ile moja itamsogeza mmoja kwenye kheri na mwingine kwenye shari, kwa kadiri ya walichobeba vifuani.

Ghazali anatoa kisa kinachochekesha na kufundisha. Mtu mmoja asiyejua Kiarabu, Mfursi, alisikia ubeti wa Kiarabu wa mapenzi, akapatwa na hali kubwa. Alipoulizwa, ikabainika kuwa alisikia matamshi yanayofanana na maneno ya Kifursi yenye maana kwamba sisi tuko ukingoni mwa kuangamia, akaikumbuka Akhera. Mshairi alisema lake, na yeye akasikia lake.

Nilipokisoma kisa hiki niliifahamu hali yangu. Watu wawili waliimba habari za mapenzi. Mtoto wa Buyenzi akasikia habari za soko lililoungua, kisha akasikia habari za ukimbizi, na sasa akiwa mtu mzima anasikia habari za ndugu aliyekufa. Kwa hiyo anayesema "wimbo ule ni upuuzi" anaweza kuwa anasema kweli kuhusu maneno ya wimbo, na akakosea kabisa kuhusu kilichotikiswa. Kilichotikiswa kilikuwa mapenzi ya ndugu kwa ndugu yake, na hilo ni katika mambo ambayo dini yetu imeyapanda moyoni yenyewe.

Uadilifu unadai tuusikie na upande wa pili. Ibnul Qayyim katika Ighathatul Lahfan aliandika kwa ukali sana juu ya nyimbo, na yapo maneno mashuhuri ya Ibn Mas'ud kwamba kuimba huotesha unafiki moyoni kama maji yanavyootesha mimea. Hoja yao nzito ni kwamba kitu kinachotikisa kila siku huzoesha. Kinachokuliza leo kwa ajili ya ndugu yako, kesho utakisikiliza kwa ajili ya kile kilio, kesho kutwa utakisikiliza kwa ajili ya utamu wake, na ndugu yako hayumo tena. Hoja hii naikubali. Ndiyo sababu sikubaliani na mwenzangu wa pili aliyesema kuwa ni kumbukumbu tu. Kumbukumbu inaweza kugeuka starehe. Mtu akawa analia kwa raha, na aliye kaburini hapati chochote.

Mtume (s.a.w.) na kumbukumbu za Maswahaba

Sasa tuitazame Sunna. Swahaba Jabir bin Samura (r.a.) aliulizwa kama alikuwa akikaa na Mtume (s.a.w.). Akasema ndiyo, mara nyingi. Kisha akaeleza, kama alivyopokea Imamu Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akibaki mahali pake pa swala baada ya Alfajiri mpaka jua lichomoze, na watu wakizungumza, wakiyataja mambo ya zama za Jahiliya na kucheka, naye akitabasamu.

Tuitafakari picha hii. Hao ni watu waliokuwa wakiabudu masanamu. Kama kuna kizazi chenye haki ya kuuona ujana wake kuwa giza tupu, ni wao. Na wako msikitini, baada ya swala ya Alfajiri, mbele ya Mtume wa Allah. Hawakuwa wakitamani kurudi kwenye masanamu. Walikuwa wakikumbuka tu maisha yao, wakijicheka. Na Mtume (s.a.w.) hakuwaambia kuwa shetani anawakumbusha. Alitabasamu.

Tumtazame na Bilal (r.a.). Walipohamia Madina, yeye na Abu Bakr (r.a.) walishikwa na homa. Imamu Bukhari amepokea kuwa homa ilipompungua, Bilal alikuwa akinyanyua sauti kwa beti za shairi, akitamani alale usiku mmoja katika bonde la Makka, azungukwe na mimea ya kwao, ayanywe maji ya Majanna, avione vilima vya Shama na Tafil. Huyu ni Bilal aliyelazwa juu ya mchanga wa moto katika Makka hiyo hiyo! Mji ulimtesa, na bado aliyakumbuka majani yake kwa majina. Mama Aisha (r.a.) alipompelekea Mtume (s.a.w.) habari, yeye hakumkaripia mgonjwa kwa kuipenda Makka. Alimwomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Hakuomba mapenzi ya zamani yang'olewe. Aliomba yaongezwe mapya.

Sisi wanafunzi tuliotoka mbali, wa Bujumbura, wa Uvira, wa Kigoma, wa Nyamirambo, tunaijua homa hiyo ya Bilal. Nani kati yetu hana mmea wake na kilima chake?

Jahiliya si tarehe

Nirudi kwenye lile neno lililonisumbua. Tunapenda kusema "jahiliya yangu" tukimaanisha miaka ya kabla ya chuo, kabla ya halaqa, kabla ya kujua kuwa hili ni bid'a na lile ni shubha. Lakini tuangalie Mtume (s.a.w.) alimwambia nani kuwa ana jahiliya ndani yake. Alimwambia Abu Dharr (r.a.), Swahaba mkubwa, Mwislamu wa mwanzo mwanzo, na alimwambia akiwa tayari amesilimu. Sababu yake ilikuwa kwamba alimtukana mtu kwa kumtia aibu kupitia mama yake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kwa hiyo jahiliya si kipindi tu ambacho mtu anakivuka akishapata elimu. Ni tabia ambayo inaweza kukaa ndani ya mtu mwenye swala na elimu, na mojawapo ya alama zake ni kumdharau mtu kwa asili yake, kwa mama yake, kwa alikotoka.

Sasa nijiweke mimi mbele ya kioo hicho. Nikisema kuwa nyumba ile ya Buyenzi ilikuwa ujahili, nimemtaja nani? Nimemtaja kaka aliyeoga haraka ili awahi Magharibi kwa jamaa. Nimemtaja bibi aliyenifundisha Alfatiha kabla sijaenda madrasa. Nimemtaja baba aliyelipa ada ya madrasa kwa fedha ya kuchuuza. Kaka yangu alifariki akiwa anaupenda wimbo ule. Hakupata nafasi ya kusoma usulul fiqh wala kulinganisha sanadi za hadithi ya ala. Alikwenda kwa Mola wake na alichokuwa nacho: swala zake, jasho lake na uangalizi wake kwa bibi kizee. Mimi nimepata nafasi ya kusoma. Nafasi hiyo ni neema ya Allah, na sehemu yake imepitia mikononi mwake, maana daftari zangu za darasa la sita alizinunua yeye. Je, ni uadilifu niitumie elimu niliyosaidiwa naye kumweka yeye upande wa giza na mimi upande wa nuru?

Tunapomdharau mtoto tuliyekuwa, hatumdharau peke yake. Mtoto hakujilea. Nyuma yake wamesimama watu waliomshika mkono, na dharau yetu inawafikia wao kwanza.

Na toba je?

Atauliza mtu: si wanazuoni wamesema kuwa toba ina masharti, na mojawapo ni kujuta? Imamu Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja matatu: kuacha dhambi, kujuta kwa kuitenda, na kuazimia kutoirudia tena kamwe. Kama unatabasamu ukiukumbuka wimbo, majuto yako yako wapi?

Swali hili ni la haki na linahitaji jibu. Kwanza, majuto yanahusu tendo la uasi la mtu aliyefikiwa na wajibu. Kalamu imenyanyuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, kama ilivyokuja katika hadithi. Mengi tunayoyatubia kwenye stetasi ni ya umri wa miaka 10 au 12, na hatutakiwi kujitwisha mzigo ambao Allah mwenyewe hakututwisha. Pili, hata kwa aliyekwisha baleghe, jambo moja la zamani linaweza kuwa na vitu vingi vilivyosukwa pamoja kama nyuzi za mkeka. Kuna ala, kuna maneno ya wimbo, kuna baraza, kuna upepo wa ziwa Tanganyika, kuna bega la kaka. Toba inachomoa uzi mmoja ulioharibika. Haichomi mkeka mzima. Unaweza kuazimia kutosikiliza ala, ukatimiza, na bado ukalipenda bega lile mpaka ufe. Moyo wa mwanadamu una nafasi ya kutosha kwa yote mawili, na anayekwambia uchague kimoja anakupa mzigo usiokuwemo katika dini.

Tatu, na hili naliona kuwa zito zaidi, majuto ya kweli humfanya mtu awe mnyenyekevu. Ukiona majuto yako yanakufanya uwaone wengine kuwa duni, yachunguze upya. Huenda si majuto. Huenda ni kiburi kilichovaa kanzu.

Sauti ya Hala

Kuna hadithi moja ambayo, kila nikiisoma, naona inatatua jambo hili lote. Mama Khadija (r.a.) alikuwa amekwisha kufariki, na Mtume (s.a.w.) yuko Madina. Siku moja dada yake Khadija, Hala bint Khuwaylid, alikuja akabisha hodi kuomba ruhusa ya kuingia. Mtume (s.a.w.) aliposikia, alikumbuka jinsi Khadija alivyokuwa akibisha hodi, na hali yake ikabadilika. Bukhari na Muslim wote wamepokea tukio hili, na aliyelisimulia ni Mama Aisha (r.a.), ambaye anakiri kuwa aliona wivu.

Sauti tu. Hodi ya mlangoni. Mtukufu wa viumbe alitikiswa na sauti iliyofanana na sauti ya mpendwa aliyekwisha kwenda, na hakuificha hali hiyo kwa waliokuwepo. Basi asije mtu akatuambia kuwa kutikiswa ni udhaifu wa imani.

Na alikuwa akifanya nini kwa mapenzi yale? Mama Aisha (r.a.) huyo huyo anatueleza kuwa Mtume (s.a.w.) mara nyingi alikuwa akichinja mbuzi, akamkata vipande, akawapelekea marafiki wa Khadija. Hapa ndipo ninapopata jibu kwa wenzangu wote wawili. Yeye hakuifukuza kumbukumbu kama wasiwasi wa shetani, wala hakukaa nayo kama starehe. Aliigeuza ikawa nyama ndani ya chungu cha mtu mwingine. Mwanamke fulani wa Madina alikula kwa sababu Khadija alikumbukwa.

Kwa hiyo kumbukumbu ikija, tuiulize: unamdai nani kwa niaba ya nani? Kaka yangu hawezi kusikia tena hedifoni. Lakini dua inamfikia, na Qur'an katika Suratul Hashr aya ya 10 imetufundisha kuwaombea msamaha ndugu zetu waliotutangulia katika imani, na katika aya hiyo hiyo kuomba mioyo yetu isiwe na chuki kwa walioamini. Sadaka inamfikia, kama Mtume (s.a.w.) alivyomkubalia Sa'd bin Ubada (r.a.) atoe sadaka kwa ajili ya mama yake aliyefariki. Na wapo marafiki zake wa gereji, ambao bado wako Buyenzi chini ya magari ya watu. Kuwapigia simu na kuwajulia hali ni katika wema ule ule wa kuwatunza marafiki wa Khadija. Fedha niliyokuwa nikinunulia bando la ziada mwisho wa mwezi, sasa inakwenda kwa bibi, kwa jina la kaka. Ni ndogo. Lakini inafika mahali ambapo wimbo haufiki.

Nini tufanye

Ninatoa nasaha tatu, nikianza na nafsi yangu.

Kwanza, anayefuta nyimbo kwenye simu yake afute kwa ajili ya Allah, na asiandike jambo litakalomfanya mama yake, akisoma stetasi ile, ajione kuwa ndiye aliyemlea katika ujahili. Ibada haihitaji kutangazwa kwa kuwaaibisha waliotulea.

Pili, sauti ya zamani ikikukuta barabarani, usijipige wala usiifuate. Simama kidogo umjue aliyetikiswa ndani yako. Je, ni ndugu? Ni mwalimu? Ni rafiki mliyepotezana? Kama yu hai, mpigie leo, maana kuunga udugu ni wajibu na simu ni rahisi kuliko safari. Kama amefariki, mwombee kabla hujafika nyumbani.

Tatu, tuwe wapole kwa wadogo zetu ambao leo wana miaka 13 na wanavaa hedifoni barazani. Tuwafundishe hukumu, tena kwa dalili na kwa subira. Lakini tujue kuwa baada ya miaka kumi watakumbuka sauti zetu pia, na namna tulivyoongea nao itakuwa imeshikamana na dini yenyewe katika kumbukumbu zao. Mtoto aliyenyang'anywa simu kwa kofi atakumbuka kofi.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi na ndugu zetu waliotutangulia katika imani. Wape wepesi makaburini mwao wale waliotushika mikono tulipokuwa wadogo, na uijaalie elimu yetu iwe sababu ya kuwapenda zaidi. Usitie ndani ya nyoyo zetu dharau kwa yeyote aliyekusujudia. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.